Draiva za Wi-Fi kwenye Linux: kuzijenga, kuzisakinisha na kuzitibu zinapogoma

Majibu haya yanahusu zaidi vidude vya Wi-Fi vya USB vyenye chipu za Realtek, maana ndivyo vinavyouzwa kwa wingi na kwa bei ya chini, na ndivyo vinavyosumbua. Kadi za Broadcom na kadi za kebo zimeguswa kidogo karibu na mwisho. Amri zimeandikwa kwa Ubuntu, Linux Mint na Debian. Watumiaji wa Fedora na Arch wana jibu lao fupi.

Nimechomeka kidude na hakuna Wi-Fi. Nianze kujenga draiva?

Bado. Wengi wanaokimbilia kujenga, yaani kugeuza msimbo wa draiva uwe programu inayoendeshwa, hawakuhitaji kujenga. Ama kerneli yao (kiini cha Linux) tayari ina draiva na kinachokosekana ni faili moja la fimuwea (programu ndogo ya ndani ya chipu), ama kidude hakijatoka kwenye hali ya kujifanya CD. Fungua terminali, andika:

`lsusb`

Utaona mstari kama huu:

`Bus 001 Device 004: ID 0bda:c811 Realtek Semiconductor Corp. 802.11ac NIC`

Kinachohitajika ni ile namba baada ya neno ID. Sehemu ya kwanza ni ya mtengenezaji: 0bda ni Realtek, 2357 ni TP-Link. Sehemu ya pili ni ya kifaa chenyewe. Jina lililo kwenye boksi usilitegemee hata kidogo. TP-Link Archer T4U toleo la 1 na la 2 zina chipu ya RTL8812AU, lakini toleo la 3 lina RTL8812BU, na draiva ya moja haiwezi kuendesha nyingine. Atakayekuelekeza draiva kwa kuuliza jina la boksi peke yake atakupotezea jioni nzima.

Kama kadi iko ndani ya laptopu, tumia `lspci -nnk`. Ukikuta mstari unaoanza na `Kernel driver in use`, draiva imeshaishika kadi na tatizo liko kwingine. Endesha `rfkill list`. Ikiandika `Hard blocked: yes`, tafuta swichi au kitufe cha Wi-Fi kwenye laptopu yako kabla hujagusa kitu kingine chochote.

lsusb inaonyesha 0bda:1a2b na neno DISK. Hiyo ni chipu gani?

Hiyo bado si Wi-Fi. Ni kidude kinachojifanya CD yenye draiva za Windows. Kwenye Linux anayekigeuza ni usb_modeswitch:

`sudo apt install usb-modeswitch`
`sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b`

Subiri sekunde chache, kisha rudia `lsusb`. Namba itakuwa imebadilika, mara nyingi kuwa 0bda:c811, na hiyo mpya ndiyo ya kutafutia draiva. Kama huna intaneti ya kupakulia kifurushi hicho, `eject /dev/sr0` mara nyingi hutosha. Hakikisha tu kwa `lsblk` kwamba sr0 ni kidude chenyewe, si CD halisi ya kompyuta.

Nitajuaje kama kerneli yangu tayari ina draiva?

Andika `uname -r` upate toleo la kerneli. Chipu za RTL8811CU, 8821CU, 8812BU, 8822BU na 8822CU zilipata draiva ya ndani iitwayo rtw88 kwenye kerneli 6.2, mwanzoni mwa 2023. RTL8812AU na 8821AU zilichelewa, ila kerneli 6.14 na za baada yake zinazo. Maana yake ni kwamba Debian 12, yenye kerneli 6.1, inazikosa zote. Debian 13 yenye 6.12, na Ubuntu 24.04 iliyobaki kwenye 6.8, zina kundi la kwanza lakini hazina la pili.

Hata hivyo usibahatishe kwa namba ya toleo tu. Iulize kerneli yenyewe:

`modinfo rtw88_8821cu | grep C811`

Ikikurudishia mstari wenye `v0BDApC811`, draiva unayo na inakitambua kidude chako. Ikikwambia moduli (faili la draiva) haipo, basi huna.

Na kama huna, chaguo la kwanza liwe kupandisha kerneli, si kujenga draiva. Kwenye Debian 12, ukishawasha ghala la backports (vifurushi vipya vilivyoandaliwa kwa toleo hili la Debian):

`sudo apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64`

Kwenye Ubuntu 24.04 ni `sudo apt install linux-generic-hwe-24.04`. Draiva iliyo ndani ya kerneli husasishwa pamoja nayo, haihitaji saini ya ziada wala heda (mafaili ya kerneli yanayotumika kujengea draiva). Ile ya kujengwa ni mzigo utakaoubeba kila kerneli inapobadilika. Jenga pale tu kerneli mpya haiwezekani, au unapokuwa nayo na chipu yako bado haimo.

Draiva ipo, lakini dmesg inalalamikia firmware.

Ujumbe wenyewe, kwenye dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli), huwa hivi:

`Direct firmware load for rtw88/rtw8821c_fw.bin failed with error -2`

Hiyo -2 ina maana kwamba faili halipo. Draiva huendeshwa na prosesa ya kompyuta yako. Fimuwea ni programu nyingine, ndogo, ambayo draiva huipakia ndani ya chipu kila inapowashwa, na hukaa kwenye folda ya /lib/firmware. Ubuntu huiweka kwenye kifurushi cha linux-firmware, Debian kwenye firmware-realtek, sehemu ya non-free-firmware. Diski za kusakinishia za Debian 12 na 13 zinayo tayari. Waliopanda kutoka Debian 11 ndio hubaki bila, kwa sababu orodha yao ya maghala haina sehemu hiyo mpya. Sakinisha, chomoa kidude, chomeka tena. Hakuna cha kujenga hapo.

Sawa, lazima nijenge. Ninahitaji nini?

`sudo apt install build-essential dkms git bc iw linux-headers-$(uname -r)`

Cha muhimu kuliko vyote hapo ni heda za kerneli, na lazima ziwe za kerneli inayoendesha kompyuta wakati huo. Heda za 6.1.0-27 hazifai kwa 6.1.0-28, hata tofauti ikiwa ni tarakimu moja. Apt ikisema haioni kifurushi hicho, kwa kawaida ni kwa sababu umekaa na kerneli ya zamani ambayo ghala limeshaiondoa. Dawa yake ni `sudo apt update`, kisha `sudo apt full-upgrade`, uwashe upya, urudie.

Papo hapo sakinisha pia kifurushi kinachofuata kila kerneli mpya: `linux-headers-generic` kwa Ubuntu na Mint, `linux-headers-amd64` kwa Debian. Ubuntu iliyo kwenye kerneli za HWE (kerneli mpya zaidi za toleo lilelile la Ubuntu) hutumia `linux-headers-generic-hwe-24.04`. Ukiruka hatua hii utarudi hapa baada ya wiki chache, kwenye swali la draiva iliyopotea.

Sina kebo na Wi-Fi ndiyo hiyo haifanyi kazi. Nipakue vipi?

Simu ya Android na waya wake wa USB vinatosha. Chomeka, washa chaguo la kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu, na Linux itaiona kama kadi ya kebo bila draiva ya ziada. Simu ikiwa yenyewe imeunganishwa na Wi-Fi, hutagusa bando kabisa. Usianze na kupandisha mfumo mzima kwa bando. Sakinisha kwanza vile vifurushi vya jibu lililotangulia, mengine yatasubiri Wi-Fi.

Kama hata simu haipo, kwenye kompyuta isiyo na intaneti andika:

`apt-get install --print-uris -qq build-essential dkms bc iw linux-headers-$(uname -r) | cut -d"'" -f2 > orodha.txt`

Faili la orodha.txt litakuwa na anwani kamili za vifurushi vyote, pamoja na vile vinavyotegemewa. Lipeleke kwa flashi kwenye kompyuta yenye intaneti, endesha `wget -i orodha.txt`, rudi na mafaili ya .deb, kisha `sudo dpkg -i *.deb`. Inafanya kazi ikiwa orodha za apt kwenye mashine ile si za kale. Zikiwa za kale, baadhi ya anwani hazitapatikana. Msimbo wa draiva nao upakue kama zipu.

Draiva usiijengee kwenye flashi. Mfumo wa FAT na exFAT hauhifadhi ruhusa za mafaili wala viungo vya ishara, na ujenzi hukwama kwa makosa yasiyo na kichwa wala miguu. Nakili kwanza kwenye folda yako ya nyumbani.

Hatua zenyewe ni zipi?

Mfano ni Debian 12 na kidude cha 0bda:c811. Tunatumia hazina ya rtw88, ambayo ni ile draiva ya ndani ya kerneli iliyorekebishwa ijengeke kwenye kerneli za zamani. Ilianzishwa na Larry Finger, aliyefariki mwaka 2024 baada ya miaka mingi ya kuzitunza draiva za Wi-Fi za Linux. Hazina hiyo ni bora kuliko zile zipu za Realtek zinazozunguka mtandaoni, ambazo nyingi ziliachwa kwenye kerneli za mwaka 2018 au 2019.

`cd ~`
`git clone https://github.com/lwfinger/rtw88`
`cd rtw88`
`sudo dkms install $PWD`
`sudo make install_fw`
`sudo cp rtw88.conf /etc/modprobe.d/`

Amri ya nne inafanya mambo matatu kwa mpigo: inanakili msimbo kwenda /usr/src, inaujenga, na inaziweka moduli mahali pake. Ya tano inaweka fimuwea. Ya sita hurukwa na watu wengi. Faili hilo la rtw88.conf linazipiga marufuku moduli za ndani ya kerneli zenye majina yanayoanza na `rtw88_`, ili zisigombanie kidude na hizi mpya zinazoanza na `rtw_`. Chomoa kidude, chomeka tena, kisha:

`lsmod | grep rtw`
`ip link`

Ukiona `rtw_8821cu`, `rtw_usb` na `rtw_core`, na kwenye orodha ya pili jina refu linaloanza na `wlx`, imekubali. Usishangae urefu wa jina hilo. Ni `wlx` ikifuatiwa na tarakimu 12 za anwani ya MAC, jumla herufi 15, ambazo ndizo kikomo cha jina la kadi kwenye Linux.

Kwa nini DKMS? `make` na `sudo make install` si zinatosha?

Zinatosha mpaka kerneli ibadilike. `make install` huweka moduli ndani ya folda ya kerneli moja, mfano /lib/modules/6.1.0-28-amd64. Ikija 6.1.0-29, ina folda yake, na moduli yako haimo. DKMS, iliyoanzia kampuni ya Dell mwaka 2003 kwa ajili ya tatizo hilihili, hutunza msimbo kwenye /usr/src na kuujenga upya kila kerneli mpya inaposakinishwa, mradi heda zake zipo.

Ujenzi umekwama. Nianzie wapi?

DKMS ikishindwa itakuambia `Bad return status for module build` na kukutajia faili la make.log. Kwa mfano wetu liko hapa:

`/var/lib/dkms/rtw88/0.6/build/make.log`

Soma kosa la kwanza, si la mwisho. Mistari ya mwisho, yenye `make: *** [...] Error 2`, inatangaza msiba tu. Chanzo kiko juu:

`grep -n -m3 -i error make.log`

Yanayotokea mara nyingi ni haya.

`/lib/modules/.../build: No such file or directory` ina maana moja: heda za kerneli hiyo hazipo. Rudi kwenye jibu la mahitaji.

`unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'` inaonyesha kwamba kerneli ilijengwa na kompaila (programu ya kujengea) mpya kuliko yako. Ilisumbua sana Ubuntu 22.04 ilipopandishwa kwenye kerneli 6.5: kerneli ilijengwa kwa gcc-12 wakati mfumo ulikuwa na gcc-11. Tiba ni `sudo apt install gcc-12`, kisha rudia ujenzi. Kwa draiva unazojenga kwa mkono, andika `make CC=gcc-12`.

`asm/unaligned.h: No such file or directory` huja na kerneli 6.12 na kuendelea, kwa sababu faili hilo lilihamia `linux/unaligned.h`. `implicit declaration of function 'del_timer_sync'` ni ya 6.15, ambako jina hilo la zamani liliondolewa na kubaki jipya la `timer_delete_sync`. Na ukikuta kwenye 6.15 au zaidi draiva ya Realtek inalia `drv_types.h: No such file or directory`, huku faili hilo unaliona kwa macho yako ndani ya folda ya include, mhalifu ni Makefile: neno EXTRA_CFLAGS, lililokuwa likimwelekeza kompaila kwenye folda hiyo, halisomwi tena. Linatakiwa liwe ccflags-y.

Haya matatu yana chanzo kimoja. Kerneli ya Linux haiahidi kwamba kazi zake za ndani zitabaki na majina au sura ileile. Draiva iliyo ndani yake hurekebishwa na yuleyule aliyebadilisha jina. Iliyo nje huachwa ivunjike. Kwa hiyo kabla ya kuhariri chochote, nenda kwenye folda ya msimbo na ufanye `git pull`, huenda mtunzaji ameshalitatua. Kama draiva haina tena mtunzaji, hili la Makefile linarekebishika kwa mstari mmoja:

`sed -i 's/EXTRA_CFLAGS/ccflags-y/g' Makefile *.mk`

Sed ikilalamika kwamba hakuna faili la .mk, ipuuze, Makefile imeshabadilishwa. Ukijikuta unafukuzana na kosa la nne na la tano, acha. Draiva hiyo imekufa, tafuta hazina nyingine.

Kuna mengine madogo. Folda yenye nafasi kwenye jina, kama `Mafaili yangu`, huuvunja ujenzi wa moduli, ihamishe. `Killed signal terminated program cc1` ni RAM imeisha, jenga kwa `make -j1`. `Clock skew detected` ni saa ya kompyuta iliyorudi nyuma, jambo la kawaida kwa mashine yenye betri ya CMOS iliyokufa. Irekebishe, ufanye `make clean`, uanze upya.

Imejengwa bila kosa, lakini modprobe inakataa kuipakia.

Tazama imekataa kwa maneno gani.

`Key was rejected by service`, au `Required key not available` kwenye mifumo ya zamani kidogo, ni Secure Boot. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Ikiwa imewashwa, kerneli haipokei moduli isiyo na saini inayotambulika. DKMS hutia saini yenyewe kwa ufunguo iliouzalisha. Kinachobaki ni wewe kuuandikisha ufunguo huo kwenye mashine. Debian 12:

`sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`

Ubuntu:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Utaulizwa nenosiri mara mbili. Ni la kutumika mara moja tu, wala si lazima liwe lile la akaunti yako. Weka tarakimu tupu au herufi rahisi, kwa sababu skrini utakayoliandikia hutumia mpangilio wa kibodi wa Marekani, na alama kama @ zinaweza kuwa zimehama mahali. Washa upya. Kabla Linux haijaanza itatokea skrini ya buluu inayokupa sekunde kumi tu kubonyeza kitufe chochote, na hapo ndipo wengi wanapoikosa kwa kwenda kuchukua chai. Chagua `Enroll MOK`, `Continue`, `Yes`, andika nenosiri, kisha `Reboot`. Ikikupita, rudia amri ya mokutil tangu mwanzo.

Kuzima Secure Boot kwenye BIOS pia kunamaliza tatizo, na kwenye kompyuta yako mwenyewe ni uamuzi wako. Kwenye mashine ya kazini uliza kwanza. Na kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake wa kurejesha mkononi kabla ya kugusa mpangilio huo.

`Exec format error` ina maana moduli ilijengwa kwa kerneli nyingine. `sudo dmesg | tail` itakuonyesha mistari ya `version magic ... should be ...`, na utaziona namba mbili zisizolingana. Jenga upya.

`Unknown symbol in module` mara nyingi huwapata wanaotumia `insmod` badala ya `modprobe`. insmod hupakia faili moja tu uliloitajia, wakati draiva ya Wi-Fi inategemea cfg80211, na nyingine mac80211 pia. modprobe huziita zote kwa zamu. Endesha `sudo depmod -a`, kisha `sudo modprobe rtw_8821cu`.

Ilifanya kazi vizuri. Leo nimesasisha mfumo, Wi-Fi haipo.

Kerneli imepanda na draiva haikujengwa kwa ajili yake. `dkms status` itakuambia imesakinishwa kwa kerneli ipi, nawe linganisha na `uname -r`. Sababu karibu siku zote ni moja kati ya mbili: heda za kerneli mpya hazikuja nayo, au msimbo ni wa zamani na umevunjika kwenye kerneli mpya.

Ili upate intaneti ya kurekebishia, rudi kwenye kerneli ya awali. Washa upya, shikilia Shift, au gonga Esc kwenye mashine za UEFI, ingia `Advanced options`, chagua ya jana. Wi-Fi itarudi. Sakinisha heda zinazokosekana, kisha:

`sudo dkms autoinstall -k NAMBA_YA_KERNELI_MPYA`

Ikiwa ni msimbo uliopitwa na wakati, ondoa draiva ya zamani, fanya `git pull`, sakinisha tena. Lakini kwanza rudia lile swali la modinfo ukiwa kwenye kerneli mpya, kwani huenda sasa chipu yako imo ndani na safari hii yote haina haja.

Inaona mitandao ila haiungi, au inakatika kila baada ya dakika chache.

Hapa draiva imeshakamilika. Vitu viwili vya NetworkManager ndivyo husumbua Realtek zaidi: kubadilisha anwani ya MAC wakati wa kutafuta mitandao, na kubana umeme. Tengeneza faili la /etc/NetworkManager/conf.d/wifi.conf lenye:

`[device]`
`wifi.scan-rand-mac-address=no`
`[connection]`
`wifi.powersave=2`

Kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Hiyo 2 ina maana zima. Kama bado inakatika, ongeza mstari wa `options rtw_core disable_lps_deep=y` kwenye rtw88.conf. Kwa draiva ya ndani ya kerneli, jina la moduli hapo ni `rtw88_core`.

Ikiwa mtandao wako haumo kwenye orodha lakini simu inauona, tazama chaneli ya ruta. Chaneli za 12 na 13 haziruhusiwi kwa msimbo wa Marekani, na kadi iliyo kwenye msimbo huo hupita bila kuziona. `iw reg get` huonyesha nchi iliyopo. `sudo iw reg set TZ` au `KE` huibadilisha mpaka utakapozima kompyuta.

Polepole? `lsusb -t` itaonyesha 480M au 5000M mbele ya kidude, yaani USB 2 au USB 3. Mlango wa USB 3 una kasi, lakini hutoa kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, na kidude kilichobanana na hadidiski ya nje huathirika. Waya wa kurefusha USB wa mita moja, au kuhamia GHz 5, husaidia kuliko kubadilisha draiva. Pia ile Mbps 433 ya kidude chenye antena moja ni ya hewani. Kwenye upakuaji halisi usitarajie zaidi ya nusu yake hivi.

CD iliyokuja na kidude?

Iache kwenye boksi. Folda ya Linux iliyomo, kama ipo, ni msimbo wa mwaka kidude kilipotengenezwa.

Ninatumia Raspberry Pi.

Kwenye Raspberry Pi OS ya Bookworm heda ni `linux-headers-rpi-v8` kwa Pi 3 na 4 za biti 64, na `linux-headers-rpi-2712` kwa Pi 5. Kuna mtego: mfumo wa biti 32 unaweza kuwa unaendeshwa na kerneli ya biti 64. Ikiwa `uname -m` inasema aarch64 huku `dpkg --print-architecture` ikisema armhf, ujenzi utagoma. Kwenye Pi 3 na 4, weka `arm_64bit=0` kwenye /boot/firmware/config.txt, washa upya, endelea. Zipu za Realtek nazo huja zimepangwa kwa kompyuta za kawaida. Ndani ya Makefile geuza `CONFIG_PLATFORM_I386_PC` iwe n, na ile ya ARM_RPI au ARM64_RPI iwe y. Na ukiona `Under-voltage detected!` kwenye dmesg, badilisha chaja kwanza.

Laptopu yangu ina Broadcom.

BCM43142, namba 14e4:4365, na BCM4360 ya MacBook, 14e4:43a0, zinahitaji draiva ya wl: `sudo apt install broadcom-sta-dkms`. Usiichukue kutoka tovuti ya Broadcom. Toleo lake la 6.30.223.271 ni la mwaka 2015, na kinachoifanya ijengeke leo ni viraka vya Debian na Ubuntu vilivyo kwenye kifurushi hicho. BCM4313 haihitaji wl. Brcmsmac ya ndani ya kerneli na kifurushi cha firmware-brcm80211 vinatosha.

Na kadi ya kebo ya Realtek?

r8169 ya kerneli huendesha RTL8111 na 8168, na tangu 5.4 pia RTL8125 ya Gbps 2.5. `r8168-dkms` iwe jaribio la mwisho, maana inaipiga marufuku r8169 kwa kadi zote zilizomo.

Fedora na Arch?

Fedora: `sudo dnf install dkms gcc make git kernel-devel-$(uname -r)`. Ikikosekana, sasisha mfumo mzima na uwashe upya kwanza. Arch: `linux-headers`, au `linux-lts-headers` kwa wa LTS. Arch ukisasisha kerneli bila kuwasha upya, folda ya kerneli inayoendesha huondolewa na hakuna moduli mpya itakayopakika.

Nitaiondoaje?

`dkms status`
`sudo dkms remove rtw88/0.6 --all`
`sudo rm -rf /usr/src/rtw88-0.6`
`sudo rm /etc/modprobe.d/rtw88.conf`

Namba ya toleo ichukue kwenye amri ya kwanza. Mstari wa mwisho usiusahau: faili hilo likibaki, draiva ya ndani ya kerneli itaendelea kupigwa marufuku, na utashangaa kwa nini hata kerneli mpya kabisa haikioni kidude.

Nikiomba msaada, nibandike nini?

Matokeo ya `uname -r`, `lsusb`, `dkms status` na `mokutil --sb-state`, kosa la kwanza ndani ya make.log pamoja na mistari kumi ya juu yake, na mistari 50 ya mwisho ya `sudo dmesg`. Kama maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Kabla ya kutuma, futa zile tarakimu 12 zilizo baada ya `wlx`. Hiyo ndiyo anwani ya MAC ya kidude chako, na haimsaidii anayekujibu.